Vijana wakipima kijiji kwa simu, data zinabaki za nani?

Swali limetoka kwa kijana wa kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Uvinza, Kigoma, nalifupisha. Kuna shirika limefika kwao linataka vijana wazunguke na simu wachukue pointi, yaani alama za mahali kwenye ramani, za visima, njia, mialo (pale boti za wavuvi zinapotia nanga), nyumba na mashamba ya michikichi. Wazee wamekuwa wagumu, wanasema hiyo ramani ndo itakayokuja kuuza ardhi. Vijana wenzake wao wanaona hela ya siku. Yeye anauliza data zikishachukuliwa zinakuwa za nani, na je wakubali au wakatae.

Mdogo wangu, umefanya la maana sana kuuliza mapema, maana maswali ya hivi mimi huwa yananifikia mradi umeshafungwa na gari limeshaondoka. Jibu langu: kubalini, ila msichukue pointi hata moja mpaka kijiji kikae na kuamua vitu gani viende hadharani, vitu gani vibaki kijijini, na nakala apewe nani. Huko kuamua ndo kushiriki. Kijana kutembea juani na simu ya watu bila kujua fomu kaiandika nani na faili linaenda wapi hicho ni kibarua, na kibarua si kitu kibaya mtu analipwa anakula, lakini wasiende kuandika kwenye ripoti kwamba wananchi walishirikishwa.

Sasa zinakuwa za nani, hapo inategemea mnazipeleka wapi. Sehemu zenyewe kwa huku kwetu utakutana nazo tatu.

Google Maps kila mtu anaijua. Ukiongeza duka lako au ukapandisha picha ya zahanati unakuwa umewapa Google ruhusa ya kuitumia, na wewe unaruhusiwa kuiangalia ramani bure, ila huwezi kusema nipeni pointi zote za kata yangu nizipakue nikachape karatasi ya kubandika ofisi ya kijiji. Kulikuwa na kitu kinaitwa Google Map Maker, kilianza 2008, watu wa nchi nyingi walikesha wanachora mitaa na barabara zao kwa kujitolea, 2017 kikafungwa. Michoro haikupotea, ilibaki ndani ya ramani ya Google, lakini waliochora hawakuwa na kauli yoyote kwenye uamuzi ule.

Ya pili ni seva ya mradi wenyewe. Mara nyingi hawa jamaa wanakuja na KoboToolbox au ODK, hizi ni programu za kukusanyia data, unajaza fomu kwenye simu hata kama hamna mtandao, ukifika penye network zinapanda. Ni vifaa vizuri na mimi navitumia kila siku, ila mwenye akaunti ndo mwenye data, hilo mlishike. Akaunti ikiwa ya afisa mradi anayekaa Dar, mkataba wake ukiisha faili linaondoka naye. Kuna kijiji nakijua walipiga picha visima vyote, wakahoji kila kaya, baada ya muda wakaja watu wengine kabisa na fulana za rangi nyingine wakaanza upya, maswali yaleyale, kwa mama yuleyule pale kisimani, kwasababu hakuna hata mmoja aliyejua faili la mwanzo liko kompyuta gani. Inaniuma kweli hii, maana ule muda wa yule mama ni mali, na kila akihojiwa bila kuona chochote anazidi kuamini kwamba kuhojiwa ni kupotezewa muda, afu siku likija zoezi la maana anafunga mlango.

Ya tatu ni OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ilianza Uingereza mwaka 2004, aliyeianzisha anaitwa Steve Coast, na ilizaliwa kwasababu ramani nzuri za nchi yao zilikuwa zinauzwa ghali ingawa zilitengenezwa na taasisi ya umma. Leo mwenye akaunti yeyote anaongeza, anarekebisha, na hata asiye na akaunti anaweza kupakua database nzima. Tangu Septemba 2012 inatumia laisensi inaitwa ODbL ambayo kwa lugha ya kawaida inasema tumia unavyotaka hata kwa biashara, ila wataje wachangiaji, na ukiiboresha hiyo database ukaitoa kwa watu basi na maboresho yako uyatoe kwa masharti hayohayo. Ndo maana zahanati yenu ikikaa pale anaiona bodaboda mwenye Organic Maps, app ya ramani, hata kama bando limekata, anaiona mtu wa halmashauri kwenye QGIS yake, programu ya ramani ya kompyuta, wanaiona Msalaba Mwekundu, na makampuni makubwa kama Meta na Microsoft nao wanachota hapohapo. Najua kuna atakayeuliza kwahiyo tunawafanyia matajiri kazi ya bure? Swali halali kabisa. Lakini kile walichonacho wao na wewe unacho, kilekile, kizima, na hakuna siku atatokea mtu akuambie lipia ndo uone kijiji chako. Kwenye zile sehemu mbili za kwanza hiyo nguvu huna.

Ila uwazi wa OpenStreetMap hauna rivasi. Ukifuta kitu leo historia yake inabaki kwenye kumbukumbu za mfumo, na aliyepakua jana anayo nakala yake. Hapo ndo panapofanya kikao kitangulie kabla ya kutembea, maana huwezi kusema tutapanga baadaye.

Sasa niingie kwenye kipi kiwekwe na kipi kisiwekwe maana hapa ndo kwenye kazi.

Barabara, njia za miguu, madaraja hasa yale yanayokatika masika, shule, zahanati, soko, mwalo, kisima, hizo wekeni bila kusita. Ni vitu vya wote na tayari kila mgeni akifika anaviona kwa macho. Na faida yake kubwa inaonekana siku mbaya. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010 ramani ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap ilikuwa karibu tupu, mamia ya watu wakakaa majumbani kwao nchi mbalimbali wakachora kutoka kwenye picha za setilaiti ndani ya siku chache, waokoaji wakatumia. Sisi tuna kipindupindu, tuna mafuriko ya ziwa, maji ya Tanganyika yalivyopanda mliona wenyewe mialo ilivyozama, sasa ramani ya kuanza kuchorwa wakati maji yameshaingia ndani inakuwa imechelewa.

Vya kutokuweka: jina la mwenye nyumba, namba ya simu, nani ana ng'ombe wangapi, kaya ipi ina mgonjwa, dini. Na huku Kigoma kuna moja ambalo mtu wa mbali hataliwaza kabisa, nani ametoka wapi. Familia ngapi zina damu ya Burundi au ya Kongo, ngapi ziliingia mwaka gani, hayo tunayajua na tunaishi nayo vizuri, ila siku ukiyaandika kwenye jedwali lenye koordineti (namba za mahali ilipo) ya nyumba umetengeneza kitu cha hatari, hata kama nia ilikuwa kugawa vyandarua. Fomu ikiwa na swali la asili ya kaya kwenye zoezi la visima, waulizeni linahusiana nini na kisima. Wasipokuwa na jibu la kueleweka litolewe.

Na hapa sheria iko upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ina Tume yake kabisa, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa, aseme anakusanya kwa ajili gani, asitumie kwa jambo lingine, na mtu ana haki ya kuona taarifa zake na kutaka zirekebishwe. Kwahiyo kumuuliza shirika mmesajiliwa Tume? sio ukorofi, ni swali la kawaida kama unavyomuuliza fundi umeme leseni.

Kuna na vitu vya msituni. Viota vya sokwe, mahali mizinga ya nyuki imetundikwa, mininga iliyobaki, sehemu za matambiko. Nyie mnajua sokwe hawako Gombe peke yake, huku Masito mpaka Ugalla wapo, na mtu wa mitego akipata pointi za viota umemrahisishia kazi yote. Hizo zikihitajika kwa uhifadhi zikae kwenye seva yenye nywila, wanaoingia wajulikane kwa majina, na kama kuna ramani ya kuonyesha watu basi iwe ya kufifisha, yaani unaonyesha eneo pana tu bila pointi.

Kuna kitu kingine kigumu kidogo, pointi moja moja inaweza isiwe na shida ila zikikusanywa ndo zinaongea. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, hii ya watu wa mazoezi ya kukimbia, ilitoa ramani ya dunia yenye njia zote za watumiaji wake zikiwa zimejumlishwa bila majina. Januari 2018 watu wakagundua kwamba kule jangwani ambako hakuna mji njia zinawaka taa, kumbe ni wanajeshi wanaokimbia mazoezi kuzunguka kambi zao. Hakuna aliyetaja jina la mtu na bado siri ilitoka. Sasa chukulia mwalo wenu, kila mtu anajua upo wapi, ila mkijaza fomu boti ipi ina injini ya ukubwa gani na inalala wapi usiku, afu mkatoa jedwali zima hadharani, na habari za injini kuporwa ziwani mnazijua... mwalo uwekwe kwenye ramani, jedwali la injini libaki kwa viongozi wa mwalo.

Nije kwa wazee. Naomba sana msiwadharau kwenye hili, wako nusu sahihi na hiyo nusu ni nzito.

Wanapokosea ni hapa: ramani ya vijana kwenye OpenStreetMap haimpi mtu hati na haimnyang'anyi mtu shamba. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hakuna kugawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na hati ya hakimiliki ya kimila ina utaratibu wake. Mstari wa kwenye simu ya kijana hauna nguvu hizo.

Wanapopatia ni hapa sasa. Ramani inayoonyesha nyumba na barabara tu inasema uongo kuhusu sehemu iliyobaki. Shamba lililopumzishwa, malisho ya masika, msitu ambao akina mama wanachuma uyoga na kuni, vyote vinatoka vyeupe, na mtu aliyekaa ofisini mbali anatafuta eneo la kuwekeza akiona weupe anasoma pori tupu, halina mtu. Hiyo hofu ya wazee haikutoka hewani. Kwahiyo chagueni moja, ama matumizi ya ardhi yachorwe yote kwa ukamilifu pamoja na yale ya msimu, tena kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ule rasmi wa sheria ya 2007 ambapo wazee, wafugaji na wanawake wanakuwepo mezani, ama kwenye zoezi hili la sasa leya (tabaka) ya mashamba isiguswe kabisa. Kuchora nusu ndo kubaya kuliko vyote. Na mpaka wa kijiji msiuchore kwenye ramani ya wazi kama jirani hajakubali, mimi nakwambia mstari mmoja wa kijana aliyepita na pikipiki unaweza kuamsha ugomvi uliolala tangu enzi za baba zao.

Mfano mzuri uko jirani tu. Vijiji vya kuzunguka Gombe, kwenye programu ya TACARE iliyoanzishwa 1994 na taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, baadaye walichapa picha za setilaiti kwenye makaratasi makubwa wakakaa nazo na wanakijiji, wazee wakaonyesha kwa kidole huu mto, hili kaburi, hapa palikuwa msitu, hapa tunalima, wataalamu wakaandika. Kutoka hapo ikaja mipango ya matumizi ya ardhi na misitu ya hifadhi ya vijiji, na wafuatiliaji wa misitu wanaochaguliwa kijijini wanaozunguka na simu kurekodi ukataji miti na dalili za sokwe. Teknolojia ilikuja mwishoni, mazungumzo ndo yalitangulia. Waambie wazee wenu wafunge safari wakaongee na wazee wenzao wa huko, wataelewana haraka kuliko mimi kuandika hapa.

Kingine, mwambieni huyo shirika asiwapotezee muda vijana kwa kuchora kila nyumba. Microsoft mwaka 2019 walitoa bure michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, kompyuta iliyachora yenyewe kutoka kwenye picha za setilaiti, Google nao 2021 wakatoa ya Afrika. Inakosea, hasa nyumba za nyasi na zilizo chini ya miembe, lakini mabati mengi imeyaona. Isichojua ni chini ya bati kuna nini, ni zahanati au ghala la dagaa, kisima kina maji mwezi wa tisa au kinakauka, njia inapitika masika au mpaka uzunguke ziwani kwa boti. Hayo anayajua mtu. Dar es Salaam kwenye mradi wa Ramani Huria tangu 2015 wakazi na wanafunzi wa vyuo walizunguka kwenye kata zinazofurika, kilichofanya ile ramani iwe na thamani ni wenyeji kuonyesha mtaro unaziba wapi na maji yalifika usawa gani wa ukuta. Na kwenye hao vijana wawepo wasichana nusu, sio kwa ajili ya picha ya ripoti, ni kwamba anayechota maji ndo anajua kisima kipi kina chumvi na kipi kina foleni ya saa mbili.

Kuhusu visima kwanza nikupe habari moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima, kila kimoja na koordineti, aina ya pampu, mwaka kilipojengwa, kinafanya kazi au kimekufa. Data zikawekwa wazi, jambo zuri kabisa. Zikageuka shindano la mtandaoni la watu wa data, jedwali la mafunzo lina vituo 59,400, kompyuta inatakiwa ikisie kipi kizima kipi kibovu, na mpaka leo kuna wanafunzi wa mbali huko wanajifunzia kazi kwa visima vyetu. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ila nenda kamuulize mlinzi wa kisima kama aliwahi kuliona hilo jedwali. Na visima vingi mle hali yake imeshabadilika mara kadhaa tangu ilipoandikwa, vilivyokufa vimefufuliwa, vizima vimekufa. Data ya kisima inazeeka haraka kwahiyo kila kisima kiandikiwe tarehe ya kukaguliwa, OpenStreetMap ina sehemu ya kuweka hiyo, na mkubaliane tangu siku ya kwanza nani atarudia. Mimi ningewapa wale wa chombo cha watumia maji hapo kijijini, hao tayari wanaripoti RUWASA, wakala wa maji vijijini, waongezewe simu moja na bando dogo la mwezi basi.

Mambo ya simu ni mepesi nayapita haraka. GPS haili bando, inapokea tu ishara za setilaiti, kinachokula bando ni picha ya ramani ya nyuma kwahiyo pakueni kabla hamjatoka. Simama mahali peupe usiwe chini ya mwembe wala umebanwa na ukuta, subiri usahihi ushuke mpaka mita tano hivi ndo ubonyeze. Kwenye koordineti, tarakimu tano baada ya nukta zinafika kama mita moja kwahiyo msishindane kuandika kumi, simu yenyewe haifiki huko. Mkiandika kwa mkono msisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, sisi tuko kusini mwa Ikweta, ukiiacha kisima cha Uvinza kinahamia Sudan Kusini. Na msinakili kitu kutoka Google Maps kuingiza OpenStreetMap, laisensi hairuhusu. Picha za setilaiti za Bing, ya Microsoft, zinaruhusiwa kuchorea tangu 2010.

Sasa cha kumwambia shirika. Kwanza fomu iwe ya Kiswahili na isomwe yote kwenye halmashauri ya kijiji kabla haijaingia kwenye simu, na maamuzi ya kipi wazi kipi cha ndani yaandikwe kwenye muhtasari na mtendaji agonge muhuri. Kijiji kiwe na akaunti ndani ya huo mfumo, sio kutumiwa picha ya skrini. Nakala ya faili linalofunguka kwenye Excel ibaki kwa mtendaji na nyingine shuleni kwa mwalimu mmoja mnayemuamini, maana watendaji wanahamishwa. Na ramani kubwa ya karatasi ibandikwe ofisini. Hili la karatasi naling'ang'ania kwa sababu ya yaliyotokea Kibera, Nairobi, 2009 vijana kumi na watatu walichora mtaa wao ambao kwenye ramani ulikuwa kama haupo, na ilibidi zichapwe ramani za karatasi za afya, maji, usalama, ndipo wakazi wasio na simu wakaanza kukosoa na kuongeza. Kwenye skrini ya mtu mwingine huwezi kunyoosha kidole ukasema hapa mmekosea.

Malipo, ndiyo, walipwe. Mtu anayeacha nyavu zake siku nzima alipwe, na kiwango kitajwe mbele ya mkutano ili yasije maneno.

Wakikataa kutoa nakala, kataeni sehemu ya nyumba na kaya, ila zile barabara, shule, zahanati na visima msisubiri mradi wowote. Wewe na wenzako wawili watatu fungueni akaunti za OpenStreetMap, pakueni StreetComplete, app rahisi ya kuongeza taarifa kwenye OpenStreetMap, na mkiwa wazoefu muingie Vespucci ya kuhariri ramani zaidi, zote bure na simu ya kawaida ya Android inatosha. Anzeni na njia ya kwenda zahanati.

Fomu yao mkishaipata nitumie niisome kabla ya kikao, nitaangalia zaidi maswali ya maji na yale ya kaya.